Darasa la Jumamosi la Kiingereza cha Mahakama, Bagamoyo: Mizizi Imefundishwa Vyema, Mazoezi Hayatoshi

Katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, nyuma kidogo ya Mtaa wa India, kuna darasa la Kiingereza linalofundishwa kila Jumamosi alasiri katika chumba cha kukodi chenye mlango mzuri wa mbao za kuchonga na madawati ambayo bila shaka yalitengenezwa kwa ajili ya watoto wa shule ya msingi. Wanafunzi wake ni makarani, makatibu muhtasi wa ofisi za mawakili, vijana wanaosoma sheria waliorudi nyumbani likizo, na watu wa aina yangu ambao hujipatia riziki kwa kuchapa na kutafsiri nyaraka katika maduka ya steshenari. Ada ni shilingi elfu thelathini kwa mwezi, hulipwa mwanzoni, na ndani yake mna kitini cha fotokopi. Tathmini hii inahusu mwezi mmoja tu wa masomo hayo, yaani mwezi wa maneno ya kushtaki na asili yake katika Kilatini, kwa kuwa ndio uliotangazwa kwa mbwembwe kuliko mingine na ndio ambao uzuri na udhaifu wa darasa zima ulijitokeza bila kificho.

Huenda msomaji akauliza mafunzo hayo yana faida gani leo, ilhali tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Jibu liko kwenye makabati. Majalada ya miaka iliyopita yamejaa Kiingereza, hukumu ambazo mawakili huzitumia kama rejea nyingi ni za Kiingereza, na kila mara huja mzazi dukani akiwa na karatasi iliyotumwa na ndugu aliyeko ughaibuni, ambayo ndani yake kuna neno moja tu linalomnyima usingizi: mwanawe ametuhumiwa, ameshtakiwa au ametiwa hatiani? Hizo ni hatua tatu zilizo mbali kabisa, na mfasiri anayezichanganya humpelekea mzazi huyo msiba usiokuwepo. Kwa hiyo nililiendea darasa hili nikiwa na haja ya kikazi, na kwa haja hiyo ndivyo ninavyolipima.

Somo la kwanza lilihusu neno "accuse", na hapa mwalimu anastahili kupewa haki yake. Hakuanza na maana ya kamusi. Aliandika "ad" upande mmoja wa ubao na "causa" upande wa pili, akaeleza kuwa la kwanza ni kihusishi cha Kilatini kinachoonyesha kuelekea mahali au jambo, na la pili ni nomino ambayo kwa Warumi ilimaanisha sababu na vilevile jambo linalobishaniwa mbele ya hakimu, yaani shauri. Akayaunganisha kwa mstari wa choki nyekundu, likatoka "accusare", kumwita mtu aje ajibu shauri. Kutoka Kilatini neno lilipita katika Kifaransa cha kale kwa umbo la "acuser", na kutoka huko likaingia Uingereza katika zama zilizofuata uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, wakati Kifaransa kilipokuwa lugha ya watawala. Katika maandishi ya Kiingereza linaonekana kuanzia mwaka 1300 hivi. Kijana mmoja aliyeketi mbele akataka kujua irabu "a" ya "causa" ilipotelea wapi, na mwalimu, badala ya kumwambia aikariri tu kama ilivyo, akamwonyesha kuwa Kilatini kilikuwa na desturi ya kuzipunguza irabu neno linapoongezewa kiambishi mbele, ndiyo maana "claudere", kufunga, likawa "includere", ambalo leo ni "include" la Kiingereza. Ufundishaji wa namna hiyo ni adimu katika madarasa ya jioni ninayoyafahamu, ambamo sheria ya lugha hutolewa kama amri ya jeshi.

Kisha zikafuata ndugu mbili za neno hilo, na nadhani hiki kilikuwa kipande bora kuliko vyote vya mwezi mzima. "Excuse" lina "causa" ileile, ila limetanguliwa na kiambishi cha kutoa nje, kwa hiyo awali lilikuwa na maana ya kumtoa mtu katika shauri, kumwondolea tuhuma. Leo limepungua uzito hadi kutumiwa na mtu anayetaka tu kupenya kwenye foleni. "Recuse" nalo limetokana na "recusare", kupinga au kukataa, na katika Kiingereza cha sasa hutumika hasa kwa hakimu au jaji anayejitoa kusikiliza shauri kwa sababu ana uhusiano na mmoja wa wadaawa. Maneno matatu, mzizi mmoja, na kila moja lina mtu wake mahakamani: mmoja anashtaki, mwingine anajinasua, wa tatu anajiweka kando. Tangu siku hiyo sijaona mwanafunzi yeyote wa darasa lile akilichanganya "recuse" na "refuse", kosa ambalo kabla ya hapo lilikuwa limeenea hata katika nakala zilizoletwa dukani kwetu kuchapwa.

Katikati ya maelezo hayo dada mmoja ambaye ni karani alinyanyua mkono.

"Mwalimu, samahani. Kama 'causa' ni shauri, basi ile 'cause list' tunayoibandika ukutani si orodha ya sababu?"

"Ndivyo hasa, binti yangu. Ni orodha ya mashauri. Neno la Kirumi limebaki hapo ukutani kwenu na maana yake ya kimahakama."

Akaongeza, na ilifaa aongeze, kwamba "kesi" tunayoitumia sisi katika Kiswahili haikutoka humo. Tuliichukua kutoka "case" la Kiingereza, ambalo linarudi hadi "casus", yaani tukio, na nyuma yake kuna kitenzi "cadere", kuanguka. Kwa hiyo "cause" na "case", ambayo katika Kiingereza cha mahakama hukaribiana mno, hayana undugu wowote wa asili.

Kwa bahati mbaya ni katika kipindi hichohicho ambapo mwalimu alijiachia. Alitueleza jinsi wanasarufi wa Roma, akiwemo Varro katika karne ya 1 K.K., walivyochukua jina la Kigiriki la uhusika wa yambwa, yaani umbo ambalo nomino hupewa inapotendewa jambo, jina ambalo msingi wake ni "aitia", neno lenye maana ya sababu na pia ya lawama, wakalifasiri kwa upande wa lawama. Ndiyo maana hadi leo wanafunzi duniani kote husoma uhusika unaoitwa wa kushtaki ("accusative" kwa Kiingereza) ilhali ndani yake hakuna anayeshtakiwa. Ni habari ya kweli na yenye kuchekesha, lakini ilichukua muda ambao ungetosha kutafsiri hati nzima ya mashtaka, na dada yule karani alikwishaanza kutazama saa ya simu yake.

Suala la vihusishi lilinisaidia zaidi katika kazi. Kiswahili hutosheka na "kwa": mtu hushtakiwa kwa wizi, hutuhumiwa kwa wizi, hulaumiwa kwa uzembe. Kiingereza hudai "accused of", "charged with" na "indicted for", na anayekosea hapo hujulikana mara moja kuwa ametafsiri neno kwa neno. Mwalimu alieleza kwamba katika Kilatini kosa analoshtakiwa mtu liliwekwa katika uhusika wa umilikishi, akatoa mfano wa "furti", yaani "ya wizi", na kwamba Kifaransa husema "accuser de" kwa mtindo huohuo. Kuhusu "charge" alirudi hadi "carrus", gari la kukokotwa, na "carricare", kupakia mzigo juu yake. Aliyeshtakiwa amepakiwa mzigo, na mtu hupakiwa mzigo akabaki nao, ndipo "with" linapopata nafasi yake. Njia hii ya kukumbuka vihusishi inafanya kazi. Nimeijaribu dukani, na kijana anayenisaidia kuchapa ameishika bila taabu.

"Arraign" na "indict" yalipitiwa haraka, na ilitosha. La kwanza limejengwa juu ya "ratio", hesabu au hoja, kwa maana ya kumwita mtu atoe hesabu, na leo hutaja kile kitendo cha kufikishwa mahakamani, kusomewa mashtaka na kuulizwa kama unakiri au unakana. La pili linatokana na "dictare", kutamka ili liandikwe, na herufi "c" iliyomo ndani yake haitamkwi kwa sababu haikuwemo: neno lilifika likiwa na umbo la Kifaransa lisilo na herufi hiyo, na katika karne ya 17 wasomi wakairudisha ili neno lifanane na asili yake ya Kilatini, ingawa midomo ya watu haikuwafuata. Kila ninaposikia wakili kijana akiitamka "c" hiyo kwa nguvu zake zote hujua kwamba amelijua neno hilo kwa macho kabla ya kulisikia.

Tulipofika kwenye "culpa", yaani kosa au lawama, darasa lilipata msaada ambao haukuwemo katika kitini. Bagamoyo ni mji ambao Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliweka makao yao mwaka 1868, na Kilatini kilisikika katika misa za hapa kwa takribani miaka mia moja kabla ya misa kuanza kuadhimishwa kwa Kiswahili. Mzee mmoja, katekista mstaafu aliyekuja kumsindikiza mjukuu wake, alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma. Mwalimu alipoandika neno hilo ubaoni, mzee akainua mkono kifuani, akajipiga taratibu mara tatu na kusema, "Mea culpa, mea culpa, mea maxima culpa," kisha akawatafsiria vijana wa Kiislamu waliokuwa karibu naye: "Nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana." Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kueleza kwa kirefu kwa nini "inculpate" ni kumtia mtu lawamani na "exculpate" ni kumtoa. "Incriminate" ndilo lililohitaji maelezo, kwa kuwa "crimen" kwa Warumi lilikuwa tuhuma kabla halijawa uhalifu, na wataalamu wengi huliunganisha na "cernere", kuchekecha na kuamua.

Tofauti hiyo kati ya tuhuma na uhalifu ingestahili kipindi chake. Neno "culprit", yaani mkosaji, lina historia inayoionyesha vizuri kuliko mahubiri yoyote. Kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, lilitokana na ufupisho wa karani wa mahakama za Uingereza, ambaye mshtakiwa alipokana kosa alimjibu kwa Kifaransa cha kisheria kuwa ana hatia na kwamba upande wa mashtaka uko tayari kuthibitisha, maneno hayo yakafupishwa "cul. prit", na baadaye yakasomwa kana kwamba ni jina la kumwita mshtakiwa mwenyewe. Linaonekana katika kumbukumbu za kesi ya mauaji ya mwaka 1678. Dai la upande mmoja likageuka kuwa jina la mtu. Katiba yetu, Ibara ya 13, inakataza mtu anayeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika, na bado naona tafsiri ambazo ndani yake "the accused" ameandikwa "mhalifu" kuanzia mstari wa kwanza. Mwalimu alilitaja jambo hili kwa sentensi moja akasonga mbele. Laiti angelipa nusu ya muda alioutumia kwa uhusika wa Wagiriki.

Sasa nifike kwenye kasoro kubwa, ambayo ni "impeach". Asili yake imeelezwa kwa usahihi: "pedica" ni pingu ya mguu, limetokana na "pes", mguu, "impedicare" ni kumtia mtu pingu hizo, Kifaransa kikalifanya liwe kuzuia, na Kiingereza kikaishia kulitumia kwa mashtaka yanayofunguliwa na Bunge dhidi ya mwenye madaraka, kama Bunge la Uingereza lilivyofanya mwaka 1376. Katika mji ambao wakati wa biashara ya utumwa ulishuhudia misafara ya watu waliofungwa minyororo, mzizi huo hauhitaji picha. Lakini kitini, ukurasa huohuo, kinalifasiri neno lenyewe kuwa "kumwondoa kiongozi madarakani". Hilo si sahihi, na si kosa dogo. Kushtaki si kuondoa. Nchini Marekani Baraza la Wawakilishi lilimshtaki Andrew Johnson mwaka 1868, Bill Clinton mwaka 1998, na Donald Trump mwaka 2019 na tena mwaka 2021, na katika mara zote hizo Seneti haikumtia hatiani yeyote. Tena hatukuhitaji kwenda Marekani kutafuta tofauti hiyo, kwani Ibara ya 46A ya Katiba ya Tanzania imetenganisha hoja ya kumshtaki Rais, ambayo taarifa yake inatakiwa iungwe mkono na wabunge wasiopungua asilimia 20, na azimio la kumwondoa madarakani, ambalo huja baada ya kamati maalumu kuchunguza. Mwandishi wa kitini angeifungua Katiba tu, Kiswahili sanifu cha neno hilo kilikuwa kinamsubiri. Nilipomwonyesha mwalimu ukurasa huo hakubisha, alisema kitini kiliandaliwa na mwenzake na kwamba kitasahihishwa; hadi mwezi ulipoisha nakala zilezile ziliendelea kugawiwa.

Kipande cha mwisho kilihusu tuhuma za uongo, na hapo darasa lilinyanyuka tena. Warumi hawakuwa na mwendesha mashtaka wa serikali kama tulivyozoea sisi, ambao kesi zetu za jinai hufunguliwa kwa jina la Jamhuri. Raia ndiye aliyesimama kumshtaki raia mwenzake, kama Cicero alivyomshtaki Verres mwaka 70 K.K. kwa uporaji alioufanya alipokuwa gavana wa Sicily, na Verres akakimbilia uhamishoni kabla kesi haijamalizika. Mfumo wa namna hiyo huwavutia wenye chuki, kwa hiyo kulikuwa na sheria dhidi ya "calumnia", shtaka la kubuni, na wapo walioandika kwamba aliyepatikana na kosa hilo aliweza kupigwa chapa ya herufi K kwenye paji la uso. Kiswahili kina neno lake kwa jambo hilo, "kusingizia", na jirani yake "kuchongea", na wanafunzi walicheka waliposikia kuwa "challenge", ambalo siku hizi limebandikwa kwenye kila tangazo la semina kwa maana ya changamoto, limezaliwa na "calumnia" hiyohiyo na katika Kiingereza cha zama za kati lilikuwa na maana ya shutuma.

Kinachokosekana katika mpango mzima ni upande wetu. Mwalimu anayejua kuwa "accuse" limetoka kwenye "causa" anapaswa pia kuwaambia wanafunzi kwamba "shtaki" letu ni la Kiarabu, kutoka kitenzi cha kulalamika, kwamba "tuhuma" na "hatia" nayo ni ya Kiarabu, na kwamba kwa sababu hiyo anayeshtaki katika Kiswahili kwa asili ni mwenye malalamiko, ilhali wa Kilatini ni mwenye shauri. Mfasiri hufanya kazi kati ya mizizi miwili, si mmoja, na vijana wa pwani hii, ambao wengi wamepita madrasa, wangeishika nusu hiyo ya somo kwa urahisi kuliko ile ya Roma.

Mazoezi nayo hayatoshi. Kwa mwezi mzima tulipewa hati moja ya mashtaka ya kutafsiri, tena fupi, na haikusahihishwa mbele ya darasa. Fotokopi za kitini zimefifia kiasi kwamba kurasa za kati husomeka kwa kuzielekeza dirishani, na feni ya chumba huwashwa kwa hisani ya mwenye nyumba. Malipo kwa simu yanakubaliwa na stakabadhi hutolewa siku ileile, jambo ninalolitaja kwa sifa kwa kuwa si kila darasa la aina hii hutoa.

Kwa karani au mfasiri anayekutana na majalada ya zamani, ningesema alipe mwezi huu wa maneno ya kushtaki na aje na Katiba yake mkononi. Kwa mwanafunzi anayetaka kujiandaa na mtihani, fedha hiyo atafute kwingine penye mazoezi. Tangazo lililobandikwa mlangoni linasema mwezi ujao utahusu maneno ya dhamana na ya kuachiwa huru, kwa ada ileile. Nimeuliza kama kitini chake kimekwishapitiwa na mtu wa pili, nikajibiwa kuwa bado kipo kwa mchapaji.